Sura ya Tano: Ukurasa Mmoja wa Mwenye Kombaini

Kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, simu ya mwenye kombaini pale Soy haipumziki. Mahindi yamekaukia shambani, ngano imeiva, mvua ya kuchelewa inanyemelea, na kila mkulima kuanzia Kipsomba hadi Moi's Bridge anataka avuniwe kesho asubuhi. Kila anayepiga huuliza yale yale aliyouliza wa kabla yake. Ekari moja ni pesa ngapi? Mashine iko upande gani wiki hii? Inavuna mahindi pia, ama ni ngano tu? Shamba la ekari mbili mnalikubali? Dizeli ni ya nani? Mwenye mashine hujibu akiwa juu ya trekta, akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa matangani. Asipojibu, mkulima anampigia mwingine.

Soy ni senta kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, na pia ni jina la eneo bunge zima linaloshika Ziwa, Kuinet, Kipsomba na Moi's Bridge. Ni nchi ya nafaka. Yako mashamba ambayo ukisimama upande huu huoni mwisho wake, na yako yaliyogawiwa watoto na wajukuu hadi yakabaki ekari mbili. Wenye mashamba hayo yote hukodi mashine, kwa sababu kombaini moja ni mtaji ambao wachache wanaumudu. Maswali yao ni matano, na majibu hubadilika mara chache kwa mwaka. Kazi hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja wa tovuti, na sehemu ya chini ibaki tupu.

Katika sura hii tutaujenga ukurasa huo. Mteja wetu ni mama wa makamo ambaye nimemuunda kutokana na watu wa biashara hiyo: ana trekta mbili, plau, haro, na kombaini iliyozeeka lakini haijawahi kumwangusha. Anayeijenga tovuti ni kijana wa kaka yake, aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Ana simu nzuri, na kompyuta ya kuazima.

Swali la kwanza la shangazi mtu ni la haki kabisa: kwani WhatsApp na Facebook hazitoshi? Kwa wateja wanaomjua, zinatosha. Shida ni wale wasiomjua. Mtu aliyerithi shamba Ziwa na anafanya kazi Nairobi hayumo kwenye kundi lolote la WhatsApp la Soy. Yeye hufungua Google usiku, anaandika maneno mawili matatu, anaangalia kinachotokea. Tangazo la Facebook lililowekwa Novemba mwaka jana limezama chini ya picha za harusi na kampeni. Ukurasa wa tovuti unakaa palepale, una anwani moja, na unaweza kuandikwa ubavuni mwa trela kwa rangi.

Kisha yapo makosa ya kinyume, ya kununua tovuti kubwa kuliko haja. Mjini Eldoret hukosi mtu wa kukuuzia tovuti ya kurasa saba: nyumbani, kuhusu sisi, huduma, picha, habari mpya, maswali, mawasiliano. Ukurasa wa habari mpya utakuwa na habari moja, ya siku tovuti ilipozinduliwa. Kwa kawaida tovuti hiyo imejengwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha sehemu kubwa ya mtandao. Siipingi WordPress. Gazeti linalotoa habari kila saa linaihitaji. Lakini kila mgeni anapobisha, seva inaamka, inasoma hifadhidata, inaunganisha vipande, ndipo inamletea ukurasa. Mitambo hiyo inadai kulipiwa kila mwaka na kufanyiwa usasishaji kila mara, la sivyo wadukuzi wanaingilia kwenye nyongeza zilizozeeka, na siku moja mkulima anafungua tovuti ya kombaini anakuta matangazo ya kamari.

Tovuti tuli haina mambo hayo. Ni chapati zilizokwisha kupikwa zikawekwa kwenye hotpoti: mteja akija anachukua, hakuna anayekanda unga mbele yake. Mafaili yameandaliwa mara moja, yamelala kwenye seva, na kazi ya seva ni kuyatoa yalivyo. Hakuna hifadhidata ya kuvunjwa wala nenosiri la msimamizi la kubahatishwa kwenye ukurasa wenyewe. Wala hili si jipya. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa na kuifungulia umma mwaka 1991, ilikuwa tuli. CERN waliirejesha kwenye anwani yake ya zamani mwaka 2013, na mtu aliye Soy akiifungua leo kwa simu inafunguka kabla hajamaliza kupepesa macho. Tovuti ngapi za mwaka 2015 zinaweza kusema hivyo?

Kilichorudisha tovuti tuli kwenye mitindo ni programu za kuzizalisha. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhia mafaili ya programu kwenye maghala, alitoa Jekyll. Mwaka 2013 Steve Francia akatoa Hugo. Zote mbili hufanya jambo moja: unaandika maneno yako kwenye faili la kawaida, programu inayachukua, inayatia ndani ya themu, na kutoa HTML iliyokamilika. Themu ni kazi ya mbunifu fulani aliyekwisha kuamua ukubwa wa herufi, rangi, mahali pa picha, na jinsi ukurasa utakavyojikunja ukifunguliwa kwenye simu. Nyingi ni za bure. Kijana wetu hana haja ya kujua kubuni. Ana haja ya kujua kuchagua, halafu kufuta, na kufuta ndiko kutakakomchukua muda mrefu zaidi.

Tuanze na kuchagua. Themu za ukurasa mmoja zimejaa mtandaoni na zote huonekana nzuri kwenye kompyuta ya ofisini yenye kioo kipana. Usiziangalie hapo. Fungua mfano wa themu kwa simu ya bei ya chini, data ikiwa imeyumba, ukiwa mahali kama Segero ambako mtandao huja na kuondoka. Ukihesabu pole pole hadi tano na bado unaona kioo cheupe, achana nayo hata kama imepambwa vipi. Halafu angalia tarehe ya mwisho ambayo mbunifu wake aliigusa. Themu ambayo haijaguswa kwa miaka sita huenda isielewane na programu ya leo. La tatu ni leseni. Violezo vya HTML5 UP, kwa mfano, hutolewa bure kwa leseni ya Creative Commons inayotaka jina la mbunifu libaki limetajwa. Vijana wengi hulifuta jina hilo chini ya ukurasa wakidhani wanasafisha. Liacheni. Ndiyo bei pekee mliyotozwa.

Kati ya Jekyll na Hugo, watu hubishana sana na mimi nina upande. Hugo ina kasi ya ajabu na huja kama faili moja tu, wakati Jekyll hudai kwanza usakinishe lugha ya Ruby, kazi inayoweza kula bando la wiki na subira ya mwezi kwenye kompyuta ya Windows. Ukiwa na kompyuta yako mwenyewe, chukua Hugo. Lakini kijana wetu anaazima kompyuta, na kitu alicho nacho saa zote ni simu. GitHub huijenga Jekyll huko huko kwenye seva zao tangu mwaka 2008. Yeye hubadilisha faili ndani ya kivinjari, anahifadhi, na baada ya dakika moja au mbili ukurasa umebadilika, bila kusakinisha chochote. Kwa hiyo hapa tunatumia Jekyll. Sababu ni mfukoni mwake.

Anafungua akaunti ya GitHub kwa barua pepe ya biashara, si ya kwake. Anakwenda kwenye ghala la themu aliyoichagua, anabonyeza kitufe cha kuinakili, na sasa nakala nzima iko kwenye akaunti yao. Kwenye mipangilio anawasha huduma ya kuchapisha kurasa. Dakika chache baadaye kuna tovuti hewani, yenye jina la mbunifu wa mbali, picha ya kikombe cha kahawa kando ya kompyuta, na aya tatu za Kilatini kisichosomeka.

Au haipo. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni ukurasa uliovuliwa nguo: maneno meusi kwenye weupe, viungo vya buluu, hakuna rangi wala mpangilio. Wengi hudhani wameharibu kitu, wanafuta kila kitu na kuanza upya, na inatokea tena vilevile. Chanzo ni mstari mmoja kwenye faili liitwalo _config.yml, mstari wa baseurl. GitHub huiweka tovuti ya majaribio ndani ya folda yenye jina la ghala, kwa mfano /kombaini, ilhali themu inaenda kutafuta faili la mitindo kwenye mlango mkuu na kulikosa. Andika hivi:

baseurl: "/kombaini"

na rangi zinarudi. Siku mtakapohamia kwenye anwani yenu wenyewe, mstari huo uwe mtupu, yaani alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani. Ukisahau, ukurasa utavuliwa nguo mara ya pili, safari hii mbele ya wateja.

Faili hilo la _config.yml ndilo moyo wa kazi yote, na limeandikwa kwa mtindo unaoitwa YAML. Mtindo wenyewe ni rahisi: jina, nukta pacha, nafasi, halafu thamani. Lakini una mitego mitatu ambayo vitabu vya ng'ambo havionyi inavyostahili, kwa kuwa havijui tunavyoandika sisi.

Mtego wa kwanza ni king'ong'o. Themu nyingi hufunga maneno kwa alama moja ya nukuu kila upande. Sasa jaribu kuandika:

description: 'Tunavuna Soy, Ziwa na Moi's Bridge'

Programu ikifika kwenye alama iliyo kati ya Moi na s, inadhani sentensi imekwisha. Mabaki yanayofuata haiyaelewi, na tovuti nzima inakataa kujengwa. Daraja lile liliitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi, kwa hiyo hata wangeliacha jina la zamani tusingepona. Na maneno yetu mangapi yana alama hiyo: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, ng'arisha. Tumia alama mbili za nukuu kila mahali na tatizo linakufa.

Wa pili ni namba ya simu. Ukiiandika bila alama za nukuu ikianza na +254, programu inaiona kama hesabu na kuitupa ile alama ya kujumlisha. Ukiianza na sifuri, na kwa bahati mbaya tarakimu zake zote ziwe kati ya 0 na 7, programu inaamini unahesabu kwa mfumo wa kizamani wa kompyuta unaokoma kwenye saba, na kuigeuza kuwa namba nyingine kabisa. Hakuna onyo litakalotokea. Ukurasa utapendeza, na wakulima watampigia mtu asiyejua hata kombaini ni nini. Namba ya simu nayo ifungwe kwa alama mbili za nukuu, halafu uipige wewe mwenyewe kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa.

Wa tatu ni nafasi. YAML hupanga mambo kwa kuyasogeza ndani kwa nafasi tupu, na haikubali kile kitufe cha kurukia mbele. Ukiandika kwa simu hutakutana nacho. Ukinakili kutoka programu ya kuandikia barua, utakutana nacho.

Sasa kufuta. Themu ya ukurasa mmoja huja na vyumba vilivyopangwa kwa ajili ya kampuni ya programu ya San Francisco: huduma, kazi tulizofanya, timu yetu, wateja wanasema nini, vifurushi vya bei, jiandikishe kwa barua pepe. Kishawishi ni kutafuta cha kujaza kila chumba. Hapo ndipo unaposoma kwenye tovuti ya biashara ya mtu mmoja kwamba timu yetu ina wataalamu mahiri, chini yake picha nne za Wazungu wanaocheka. Chumba kisicho na jibu la swali la mkulima kiondoke. Wateja wanasema nini? Huko Soy wateja husema kanisani na sokoni, na hakuna anayeamini sifa ambazo mwenye mali ameziandika mwenyewe. Timu yetu? Dereva anajulikana. Jiandikishe? Kwa lipi?

Vinavyobaki ni vinne: kichwa kinachosema ni nini na ni wapi, bei, maeneo na ratiba, na namna ya kumpata mwenye mashine. Vyumba hivyo huwa ni mafungu kwenye faili moja, au vijifaili ndani ya folda. Ukiondoa mstari unaokiita chumba, kinatoweka bila kuacha pengo. Kumbuka kiungo chake kule juu kwenye menyu. Kwenye ukurasa mmoja, menyu haikupeleki ukurasa mwingine, inakutelezesha chini hadi mahali palipotiwa alama. Ukibadilisha alama ya Kiingereza kuwa bei na kusahau kubadilisha kiungo, mkulima atagusa na hakuna kitakachotokea, naye atadhani simu yake imekwama.

Kuhusu bei kulikuwa na mjadala, kama unavyokuwapo kwa kila mwenye biashara.

"Shangazi, niweke bei?"

"Usiweke. Wenzangu wataiona."

"Si wenzako wanaijua tayari? Madereva wao wanakula hoteli moja na dereva wako."

"Na dizeli ikipanda?"

"Nitabadilisha. Ni mstari mmoja."

"Haya, andika ya kuanzia. Na uandike kwamba shamba lenye mawe tunaelewana."

Huyo kijana yuko sahihi, na shangazi naye yuko sahihi. Mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na bei ya kulima au kuvuna ekari moja hufuata mwendo huo. Bei inayozeeka kwenye ukurasa ni mbaya kuliko kutokuwa na bei, kwa maana mkulima atafika na ile ya zamani kwenye kioo cha simu na kudai aheshimiwe. Dawa ni kuziweka bei zote mahali pamoja, kwenye faili lake dogo ndani ya folda iitwayo _data, badala ya kuzitawanya kwenye aya. Mstari mmoja wa kulima, mmoja wa haro, mmoja wa kuvuna ngano, mmoja wa kuvuna mahindi. Juu yake uwe mstari wa tarehe: bei hizi ni za kuanzia mwezi fulani. Tarehe hiyo itamfanya msomaji aziamini, na itamwaibisha kijana akichelewa.

Picha ni kazi ya nusu siku na inastahili. Picha kubwa ya juu kwenye themu huwa ni jiji lenye maghorofa usiku. Mahali pake iwekwe kombaini hiyo hiyo, ikiwa kazini, vumbi likiwa linatoka. Usichukue picha ya kombaini mpya kutoka mtandaoni. Siku ya kuvuna itafika ile nzee, na mkulima ana macho. Picha moja ya simu ya leo ina uzito wa megabaiti nne au tano, na themu haitaipunguza kwa niaba yako: itaionyesha ndogo lakini itaipakua nzima, kwa bando la mkulima. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uihifadhi kwa muundo wa WebP. Itashuka chini ya kilobaiti 200 na hakuna atakayetofautisha. Squoosh, kifaa cha bure cha Google, hufanya hivyo ndani ya kivinjari. Kupunguza huko kwa kawaida pia huondoa taarifa ambazo simu huficha ndani ya picha, pamoja na mahali hasa ilipopigwa. Mashine ya mamilioni ikilala uani usiku, mahali ilipo si jambo la kutangaza.

Kwa maoni yangu picha tatu ni nyingi. Onyesho la picha zinazopishana zenyewe liondolewe kabisa, pamoja na faili la JavaScript linaloliendesha. Fonti za kupakuliwa kutoka Google nazo ziondoke; herufi zilizomo ndani ya simu zinasomeka vizuri, hasa juani.

Tukija kwenye namna ya kumpata mwenye mashine, hapa pana shimo ambalo limemeza biashara nyingi. Themu karibu zote zina fomu ya mawasiliano: jina, barua pepe, ujumbe, kitufe. Tovuti tuli haina kitu nyuma yake cha kupokea ujumbe huo. Fomu itaonekana, itajazwa, kitufe kitabonyezeka, na maneno ya mkulima yatapotelea hewani. Zipo huduma za nje za kuunganisha fomu, na Netlify, kampuni ya kuchapisha tovuti tutakayoifikia hapa chini, wanayo yao, lakini nani huko Soy anataka kuandika barua pepe kuomba kombaini? Ifute. Weka vitufe viwili vikubwa. Cha kwanza kipige simu moja kwa moja, kwa kiungo kinachoanza na tel: na namba. Cha pili kifungue WhatsApp kwa kiungo cha wa.me/ kikifuatwa na namba inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Unaweza hata kuutanguliza ujumbe ndani ya kiungo: "Naomba kuvuniwa. Ekari ngapi: … Mahali: …" Mkulima anajaza, anatuma, na shangazi anakuta maombi yamejipanga kuliko simu ishirini alizozikosa. Arbuni ikihitajika, namba ya tili ya M-Pesa iandikwe pamoja na jina ambalo mlipaji ataliona kwenye simu yake anapolipa.

Lugha ya ukurasa iwe ipi? Nyumbani kwa wengi huku ni Kinandi na Kikeiyo, wengine Kiluhya, wengine Kikuyu, na kwenye bei watu hukutana katika Kiswahili. Andika Kiswahili. Lakini mtu wa Nairobi anayetafuta Google ataandika Kiingereza, na ataandika Eldoret hata kama shamba liko Ziwa, kwa hiyo kichwa na maelezo mafupi yabebe majina ya mahali yote mawili, na jina la Kiingereza la mashine mara moja. Kisha tafuta ndani ya themu mahali palipoandikwa lang="en" uweke sw. Kuiacha vile kunaifanya simu iamini ukurasa ni wa Kiingereza: programu ya kumsomea asiyeona itayatamka maneno yetu kama mtalii, na Chrome inaweza kupendekeza tafsiri ya ajabu. Wakati mwingine mpangilio huo haumo kwenye _config.yml, mbunifu kauandika moja kwa moja kwenye faili la mpangilio, ndani ya folda ya _layouts. Hapo hapo ndipo yalipojificha maneno mengine ya Kiingereza yaliyosalia, yale ya kwenye vitufe na chini ya ukurasa.

GitHub wanasema wazi kwamba huduma yao ya bure ya kurasa haikukusudiwa kuendesha biashara za mtandaoni. Ukurasa wetu haupokei malipo, lakini sipendi kumwachia mtu riziki yake mahali panapobishaniwa. Majaribio yafanyike pale, kisha uchapishaji uhamishiwe Netlify au Cloudflare Pages, ambazo husoma ghala lile lile la GitHub na kuijenga Jekyll zenyewe kila mara badiliko linapohifadhiwa. Kuna faida nyingine: huko ghala laweza kuwa la faragha. Kwenye akaunti ya bure ya GitHub, kurasa huchapishwa kutoka ghala la wazi tu, na ghala huhifadhi historia yote. Orodha ya wateja na namba zao ikiingizwa kwa bahati mbaya leo na kufutwa kesho, bado inasomeka kwa anayejua kurudi nyuma, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hilo si uzembe wa kawaida tena.

Linabaki jina. Anwani ya bure yenye jina la Netlify ndani yake inafanya kazi, ila haiandikiki vizuri ubavuni mwa trela. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, shirika lililoundwa mwaka 2002, na huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Jina la .co.ke kwa kawaida hugharimu kati ya shilingi elfu moja na elfu mbili kwa mwaka, na ndiyo gharama pekee ya kudumu ya kazi hii yote. Chagua jina linalotamkika kwa simu mara moja bila kurudia. Ukishalinunua, unaingia kwenye akaunti ya wakala na kuelekeza rekodi zake kwa Netlify kama wanavyoagiza. Yaweza kuchukua saa kadhaa kuenea. Cheti cha usalama, kile kinacholeta https, hutolewa bure na Let's Encrypt na hujihuisha chenyewe. Mtu akikutoza pesa za cheti kwa ukurasa kama huu, muulize ni cha kazi gani.

Jina lisajiliwe kwa shangazi, kwa kitambulisho chake na barua pepe anayoweza kuifungua yeye. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo urafiki na undugu huvunjikia. Mjenzi hulisajili kwa jina lake ili kuharakisha, kisha anapata kazi Mombasa, anabadilisha laini, na mwaka unapokwisha ilani ya kulipia inakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua. Jina linaanguka, mwingine analiokota, na maandishi ya kwenye trela yanampeleka mteja kwa mtu mwingine. Siku ya kukabidhi, kijana aandike kwenye daftari la kawaida: barua pepe ya biashara na nenosiri lake, akaunti ya GitHub, ya Netlify, ya wakala wa jina, na tarehe ya kulipia. Daftari likae pamoja na vitabu vya umiliki wa trekta. Kisha shangazi mwenyewe, miwani ikiwa machoni na kijana akiwa amekunja mikono kando yake, afungue faili la bei kwenye simu, abadilishe bei ya haro kwa shilingi hamsini, ahifadhi, na asubiri dakika mbili aone kama imebadilika.